Njia Panda ya Herufi Kumi

Ndugu msikilizaji, popote ulipo, kunjua kiganja chako cha kushoto. Kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, chora juu yake mstari mmoja wa kulala. Sasa shusha mstari wa kusimama, ukate ule wa kwanza katikati. Umekwisha kuandika Kichina. Hiyo ni herufi ya kumi: Wachina huitamka shi, Wajapani huitamka ju. Ukiwa Beijing ukauliza njia, utaelekezwa uende mbele mpaka shizi lukou, yaani pale barabara zinapokutana kwa umbo la herufi kumi. Ukiwa Tokyo utasikia jujiro, na maana ni ile ile.

Redio haina ubao, basi leo kiganja chako ndicho ubao wetu. Wenye maandishi haya wenyewe hufanya hivyo kila siku. Mjapani akisahau herufi, utamwona anaiandika hewani au juu ya goti kwa kidole, mpaka mkono ukumbuke kile ambacho kichwa kimekosa. Wachina nao wakitajiana majina kwenye simu huyafungua vipande vipande: mimi ni Li wa mti na mtoto, mimi ni Chen wa sikio na mashariki, mimi ni Zhang wa upinde na urefu. Anayesikia hukusanya vipande, akaiona herufi nzima bila kuitazama.

Futa kiganja, tuandike nyingine. Mstari wa kulala, kisha kutoka katikati yake shusha mmoja wa kusimama, mwishoni uupinde kidogo kuelekea kushoto. Hiyo ni ding. Mahali ambapo barabara moja inaishia ubavuni mwa nyingine ni njia ya herufi ding. Sheria ya barabarani ya Japani ya mwaka 1960, inapoeleza makutano ya barabara ni nini, inaanza na hizi mbili: njia ya herufi kumi na njia ya herufi ding. Wajapani husoma ding kama tei, na herufi T ya Kilatini huiita ti. Maumbo yamefanana, sauti zimekaribiana, na leo wengi wao wanasema njia ya ti bila kujua kwamba sheria yao inasema njia ya tei. Herufi mbili zilizozaliwa pande mbili za dunia zimekutana kwenye kona moja ya mtaa.

Nimechagua jambo hili kwa sababu linagusa swali ninalolijali sana: kati ya usemi na maandishi, nani mzazi na nani mtoto? Ferdinand de Saussure, yule Mswisi ambaye masomo yake ya isimu yalichapishwa kitabuni mwaka 1916 baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba maandishi yapo kwa kazi moja tu, kuwakilisha usemi. Sisi pia tumelelewa hivyo. Mtu husema kwanza, kisha karani huandika. Lakini mwangalie bibi wa kijijini China ambaye hakuwahi kukaa darasani. Hawezi kusoma hata jina lake. Ila akikuelekeza gulioni atakwambia ukifika shizi lukou kata kulia. Ametamka umbo la herufi ambayo hajawahi kuiandika. Hapo maandishi hayafuati usemi. Yameuzaa.

Na yamekuwa yakiuzaa kwa muda mrefu. Katika mji wa Xi'an kuna jiwe refu lililosimikwa mwaka 781, zama za watawala wa Tang, na Wakristo waliokuwa wamefika China kutoka upande wa Uajemi. Maandishi ya jiwe hilo yanaeleza uumbaji wa dunia, na yanasema kwamba Mungu alipanga herufi ya kumi ili ziwekwe pande nne. Waandishi wake walitaka kutaja msalaba kwa watu ambao hawakuujua, wakashika herufi ambayo kila msomi aliijua. Mpaka leo msalaba kwa Kichina ni fremu ya herufi kumi. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Japani kilianzishwa mwaka 1877 kwa jina jingine, kikabadilishwa jina mwaka 1887, na jina hilo jipya ukilifungua utakuta rangi nyekundu na herufi ya kumi. Mgonjwa wa Osaka anapoitaja hospitali ya chama hicho, hataji msalaba wala dini. Anataja namba.

Huku kwetu Afrika nako Wachina wametupia jicho hilo hilo. Piramidi za Misri kwa Kichina huitwa jinzita. Wageni wengi wanaojifunza lugha hiyo hudhani ni minara ya dhahabu, kwa kuwa jin ni dhahabu. La. Ni mnara wenye umbo la herufi ya dhahabu. Herufi hiyo ina mistari miwili inayoteremka kutoka kileleni, mmoja kushoto na mmoja kulia, mithili ya paa, na chini yake ngazi za mistari ya kulala mpaka kwenye msingi mpana. Aliyesimama mbele ya piramidi za Giza na herufi hii kichwani aliona jiwe na wino vinafanana. Wajapani walilichukua neno hilo, wakalipandisha daraja: majengo yenyewe sasa wanayaita piramido, na kinjito wameliacha kwa kazi kubwa isiyosahaulika, kama vile kamusi iliyomchukua mtu maisha yake yote.

Tuje kwenye mwili wa binadamu, maana hapa ndipo maneno haya yanapochangamka. Chora mistari miwili isiyogusana, inayoanza karibu karibu juu na kuachana kadiri inavyoshuka. Hiyo ni nane, ba kwa Kichina na hachi kwa Kijapani. Masharubu yanayoning'inia pande mbili ni masharubu ya herufi nane. Nyusi zilizoinama kwa nje, zinazomfanya mtu aonekane ana huzuni hata anapocheka, ni nyusi za herufi nane. Mtu anayetembea vidole vya miguu vikielekea nje ana nane ya nje, na ambaye vidole vyake vinaelekeana ana nane ya ndani.

Wachoraji wa sura wa China ya zamani waliligeuza jambo hili kuwa elimu. Walikuwa na herufi nane za kupimia nyuso. Ya kwanza ni tian, shamba: mraba uliogawanywa vyumba vinne kwa msalaba. Huo ni uso mpana ulio sawa pande zote. Chomoza juu ya tian kijiti kimoja upate you, uso mwembamba kipajini na mpana mashavuni. Kishushe kijiti hicho kitokeze chini badala ya juu, upate jia, uso wa kipaji kipana na kidevu kilichochongoka. Kitokeze juu na chini, upate shen, uso uliojaa mashavuni na kusinyaa kwenye ncha zote mbili. Herufi ya jicho, ambayo ni mstatili mrefu uliosimama, ni ya watu wa nyuso ndefu. Na ile ya nchi, guo, yenye ukuta wa mraba unaozunguka kila kitu, ni ya mwanamume mwenye taya pana. Uso wa guo bado unatajwa leo, na mara nyingi kwa sifa. Mchoraji mwanafunzi hakuhitaji kupimiwa kwa rula. Alihitaji kutazama mteja wake na kujiuliza, huyu ni herufi gani?

Wajapani wamekwenda hadi kitandani, au niseme hadi kwenye godoro linalotandikwa juu ya mkeka wa tatami. Chora mistari mitatu ya kusimama, wa katikati uwe mfupi kuliko wenzake. Hiyo ni kawa, mto, maji matatu yanayotiririka sambamba. Baba, mama, na mtoto mdogo katikati yao wakilala usiku, Mjapani husema wamelala kwa herufi ya mto. Mimi naipenda sana hii. Kuna familia nzima ndani ya mistari mitatu, na ufupi wa mstari wa katikati ndio umri wa mtoto.

Kuna herufi nyingine ya kulala, lakini naomba kwanza tupande treni.

Mwaka 1905 serikali ya China ilimkabidhi mhandisi Zhan Tianyou kazi ya kujenga reli kutoka Beijing kwenda Zhangjiakou, kupita milima ambayo Ukuta Mkuu umeipanda. Zhan alikuwa amepelekwa Marekani akiwa mtoto, mwaka 1872, katika kundi la kwanza la wanafunzi wa Kichina, na alihitimu uhandisi Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1881. Wengi hawakuamini kwamba Wachina wangeweza kuijenga reli ile bila wahandisi wa kigeni. Tatizo lilikuwa mteremko. Karibu na kituo cha Qinglongqiao, chini ya Badaling, mlima ni mkali kiasi kwamba injini haiwezi kuupanda moja kwa moja. Zhan hakulazimisha. Aliileta reli ikipanda upande mmoja mpaka inapokwamia, akaisimamisha hapo, kisha akaitoa kwa upande mwingine. Treni ilikuja na injini mbili, moja mbele ikivuta na moja nyuma ikisukuma; ilipofika kwenye ncha, iliyokuwa nyuma ikawa mbele, na safari ikaendelea kupanda kinyumenyume.

Sasa chora mstari unaoteremka kwenda kushoto, na mwingine unaotoka kwenye huo na kuteremka kwenda kulia. Hiyo ni ren, mtu. Reli ya Qinglongqiao ikiangaliwa kutoka juu ni herufi hiyo, na Wachina wote waliosoma shule ya msingi huijua kwa jina la reli ya herufi mtu. Ilikamilika mwaka 1909. Herufi hiyo hiyo ndiyo watoto wao hufundishwa kuiona angani majira ya kupukutika majani, mabata bukini wanapohamia kusini: mara wamejipanga herufi moja, mstari ulionyooka, mara wamejipanga herufi mtu. Ndiyo pia iliyozipa jina kandambili, kwa ajili ya mikanda yake miwili inayoachana kutoka kati ya vidole, na ngazi ya fundi wa rangi inayosimama kwa kupanuliwa miguu.

Mwisho wa mwaka 2019 China ilifungua reli mpya ya mwendo kasi kati ya Beijing na Zhangjiakou. Haina haja ya kupanda mlima ule. Inapita chini kabisa ya ardhi, na njia yake inapita chini ya kituo kile cha zamani cha Qinglongqiao. Wachina hawakukawia kuliona. Ukichukua herufi mtu ya Zhan Tianyou ukaikata kwa mstari mmoja wa kulala, umepata da, herufi ya kubwa. Miaka 110 baadaye mlima umeongezewa mstari mmoja, na herufi ikabadilika maana.

Na hiyo ndiyo herufi ya kulala niliyoiahidi. Mjapani aliyechoka akijitupa chali, mikono ameitandaza na miguu ameipanua, husemwa amelala kwa herufi kubwa, dai no ji. Hapa kuna jambo la ajabu. Katika maandishi ya kale kabisa ya Kichina, herufi hii ilikuwa ni picha ya mtu aliyesimama akitandaza mikono na miguu. Mtu alichorwa akawa herufi, herufi ikafundishwa kwa zaidi ya miaka elfu tatu, ikavuka bahari hadi visiwani, na huko ikarudi kuelezea mtu. Kila mwaka tarehe 16 Agosti, watu wa Kyoto huiwasha kwa moto ubavuni mwa mlima kuwasindikiza wahenga wao wanaorudi kuzimu. Mstari wake wa kulala una mita 80, wa kushoto mita 160, na wa kulia mita 120. Mji mzima huisoma kutoka madirishani.

Wajapani wana utajiri wa ziada, kwa kuwa mbali na herufi za Kichina wana zile za sauti walizozichonga wenyewe kutokana na hizo. Ile inayosomeka ku ni pembe moja iliyopinda, na mzee aliyepinda mgongo amepinda kwa herufi ku. Ile inayosomeka he ni kilima kidogo, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu, na mtoto aliyenuna hufunga mdomo kwa herufi he. Katika baa nyingi, meza ya kuhudumia wateja ina pande tatu na upande wa nne uko wazi kwa mhudumu, na hiyo ni meza ya herufi ko. Anayechuja kahawa hufundishwa kumimina maji ya moto kwa kuzungusha birika kama anayeandika no, herufi inayojikunja ndani kwa ndani. Na watoto wana mchezo wa kuandika he, no, he, no, mo, he, ji, kila moja mahali pake: nyusi, macho, pua, mdomo, na ya mwisho inazunguka ikawa taya. Herufi saba, na kuna mtu anakutazama. Uso huo ndio huchorwa kwenye sanamu za kutishia ndege mashambani.

Wachina hutumia njia hii hata kufundisha michezo. Katika sataranji yao, mwanafunzi hukaririshwa kwamba farasi hutembea jua na tembo hutembea shamba. Herufi ya jua ni mstatili wenye mstari katikati, yaani vyumba viwili vilivyopandana, na farasi huruka kutoka kona yake moja hadi kona ya mkabala. Herufi ya shamba ndiyo ile tian ya vyumba vinne, na tembo huivuka kwa mshazari. Amri mbili za mchezo zimekwisha kwa maneno machache, na mtoto anayeanza kuandika hazimsumbui. Wanafunzi wetu wanaosoma Kichina, kama wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambako Taasisi ya Confucius ilifunguliwa mwaka 2005, hukutana na tian hiyo mapema. Daftari la kujifunzia kuandika lina miraba iliyogawanywa vyumba vinne, na huitwa daftari la miraba ya shamba.

Je, sisi tunafanyaje? Kiswahili kimetazama miti zaidi. Njia panda tumeipa jina la panda ya mti, pale tawi linapogawanyika, panda ile ile ambayo watoto hutengenezea manati. Ila herufi nazo zimekwisha kuingia. Fundi cherehani hushona shingo ya V. Fundi bomba huenda dukani kuagiza tii, kiungo cha mabomba matatu. Sikiliza alivyotamka: tii. Shuleni alifundishwa kuiita herufi ile te. Umbo limemfikia pamoja na jina lake la Kiingereza, kwa hiyo kwake si herufi tena, ni chuma. Kabla ya hapo pwani yetu iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na washairi wa Kiarabu na wa Kiajemi walikuwa na mazoea ya kusifu kimo cha mpenzi kwa alifu na nyusi zake kwa nuni. Kwa hiyo jicho hili si la Mashariki ya Mbali peke yake. Tofauti ni ukubwa wa ghala. Mwenye alfabeti ana maumbo ishirini na ushei ya kulinganishia. Mchina aliyemaliza shule ana maelfu, na kila moja mkono wake umeliandika mara nyingi mpaka limekuwa kiungo cha mwili. Ndiyo maana akiona boriti ya chuma iliyokatwa huona gong, herufi ya kazi, mistari miwili ya kulala iliyounganishwa na mmoja wa kusimama. Akiona bendera ya Uingereza huona herufi ya mchele.

Nimeuweka mji wa Anyang mwishoni kwa makusudi. Katika mkoa wa Henan, kwenye magofu ya mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Shang, wataalamu walianza kuchimba mwaka 1928. Ardhi ile ndiyo iliyotoa maandishi ya kale kuliko yote ya Kichina tuliyonayo, yaliyochongwa juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe karibu miaka 1200 kabla ya Kristo, wafalme walipokuwa wakipiga ramli kuhusu mvua, vita na uzazi. Ardhi hiyo hiyo ilitoa makaburi yao. Ni mashimo makubwa yenye njia za mteremko zinazoingia ndani, na idadi ya njia hizo ilitegemea cheo. Wachimbaji walihitaji majina ya kuyapanga. Kaburi lenye njia moja waliliita kaburi la jia, ile herufi yenye kijiti kinachotokeza chini. Lenye njia mbili, moja kila upande, waliliita kaburi la zhong, herufi ya katikati, kisanduku kilichopitiwa na mstari wa kusimama. Na yale makubwa kabisa, yenye njia nne kutoka pande zote, yakaitwa makaburi ya ya.

Herufi hiyo ya ya, kwa maandishi ya zamani, ni msalaba mnene wenye uwazi ndani, na kaburi la mfalme likichorwa kutoka juu linafanana nao. Lakini tangu mwaka 1956 serikali ya China ilipoanza kupunguza mistari ya herufi ili watu wengi wajue kusoma, ya imerahisishwa, na msalaba wake wenye uwazi umeondoka. Kazi ile ya kurahisisha ilifungulia mamilioni mlango wa kusoma, na siilaumu. Wataalamu nao hawakubadili jina la makaburi. Mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi waelewe kwa nini kaburi la mfalme wa Shang huitwa la ya, inambidi awaandikie ubaoni ya ya kizamani kwanza, ndipo awaonyeshe mchoro wa shimo.